Kasuku wa kijivu: soko limefungwa kwa sheria, kazi imebaki bandarini na kwenye viwanja vya ndege

Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, una komine inayoitwa Kasuku. Kiumbe mwenye jina hilo, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwa miaka mingi amekuwa akipita katika mji huo ndani ya vizimba. Anatolewa porini, anapelekwa uwanja wa ndege, anafika Kinshasa, na kutoka huko anauzwa ng'ambo.

Tangu mwishoni mwa Julai 2025, safari hiyo ni kosa mbele ya sheria. Wizara ya Mazingira na Maendeleo ya Kudumu ilitoa agizo la kupiga marufuku kukamatwa na kuuzwa kwa kasuku wa kijivu katika nchi nzima. Jimbo la Tshopo lilikuwa limetangulia kuchukua hatua ya namna hiyo kwenye eneo lake. Kwa nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kati ya wauzaji wakubwa wa kasuku hao duniani, hiyo ni hatua kubwa.

Lakini agizo ni karatasi. Pori la Maniema na Tshopo ni pana kuliko nchi nyingine nzima za Afrika, na hakuna idadi ya walinzi inayoweza kusimama chini ya kila mti. Bahati ni kwamba kasuku aliyekamatwa hana njia nyingi za kutoka. Barabara ni chache na mbovu, na mzigo lazima upite kwenye bandari kadhaa za mto na viwanja vichache vya ndege. Hapo ndipo itajulikana kama marufuku hii ina nguvu au hapana.

Ndege wa pori la Kongo

Jina lake la kisayansi ni Psittacus erithacus. Ana urefu wa sentimita karibu 33 na uzito wa gramu karibu 400. Manyoya ni ya kijivu, mdomo mweusi, uso mweupe, na mkia mwekundu unaoonekana kutoka mbali. Kasuku mkubwa ana macho ya rangi ya njano. Mtoto ana macho meusi. Anayejua jambo hilo anaweza kutambua mara moja kama waliomo kizimbani ni makinda waliotolewa kwenye kiota au ni wakubwa walionaswa.

Anaishi katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, kuanzia Côte d'Ivoire, kupitia Ghana, Nigeria, Kamerun na Gabon, mpaka Kongo, Uganda, magharibi ya Kenya na kaskazini-magharibi ya Tanzania. Kati ya nchi hizo zote, Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya makao yake, kwa sababu karibu asilimia 60 ya pori la bonde la Kongo liko ndani ya mipaka yake. Kinachoamuliwa hapa kinaamua hali ya kasuku huyu duniani.

Chakula chake ni mbegu, matunda na kokwa. Anapenda sana ngazi, yale matunda yanayotoa mafuta ya mawese, na ndiyo maana wakaaji wengi wa vijijini wanamjua: anakuja kwenye miti ya mawese iliyo karibu na mashamba na kwenye mashamba yaliyoachwa. Asubuhi mapema makundi yanaruka juu ya miti yakipiga kelele na miluzi, na jioni yanarudi kulala pamoja. Kuna mahali penye uwazi katikati ya pori, penye maji na udongo wa chumvi, ambapo kasuku wanashuka chini kwa mamia.

Tabia hiyo ya kukusanyika ndiyo inayomfanya awe rahisi kunaswa. Mtegaji hana haja ya kutafuta ndege mmoja mmoja. Anatafuta mahali wanapolala au wanaposhuka, halafu anangoja.

Anazaa polepole

Kuku anayeanguliwa leo anaweza kuwa na vifaranga wake kabla mwaka haujaisha. Kasuku hawezi. Anahitaji miaka 3 mpaka 5 kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Dume na jike wanakaa pamoja kwa miaka mingi, na wanahitaji shimo ndani ya mti mkubwa, juu sana kutoka ardhini. Kasuku hatoboi shimo mwenyewe. Anategemea miti mizee yenye mashimo.

Jike anataga mayai 2 mpaka 5. Anayalalia kwa siku karibu 30. Makinda yanazaliwa bila manyoya, yakiwa yamefunga macho, na yanakaa ndani ya shimo kwa miezi karibu 3 kabla ya kuruka. Si yote yanayoishi. Tena, si kila jozi inayotaga kila mwaka, kwa sababu mashimo mazuri ni machache na jozi zinagombana kwa ajili yake.

Kinachookoa kasuku ni maisha marefu. Akitunzwa anaweza kuishi miaka 40, hata 60. Mwili wake umepangwa kwa mwendo huo: watoto wachache, miaka mingi. Mpango huo unavunjika pale wakubwa wanapotolewa kwa wingi. Ukichukua jozi moja iliyofika umri wa kuzaa, umechukua pia makinda ya miaka 20 au 30 inayokuja. Ukikata mti wenye shimo ili kupata makinda, umepoteza makinda na nyumba ambayo jozi nyingine ingeitumia mwaka unaofuata.

Ndiyo maana wanaohifadhi wanyama hawatofautishi sana kati ya kasuku aliyeuawa na kasuku aliyeuzwa akiwa hai. Kwa anayemnunua, yuko hai na anaongea. Kwa pori, amekwisha.

Akili inayomponza

Kwa Kiswahili, mwanafunzi anayerudia maneno bila kuelewa anaambiwa amekariri kama kasuku. Utafiti umeonyesha kwamba msemo huo haumtendei ndege huyu haki.

Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu katika duka la wanyama mjini Chicago, akamwita Alex. Kwa miaka 30 alimfundisha na kumpima. Alex alijua kutumia maneno karibu 100 ya Kiingereza. Alitaja rangi, umbo na kitu kilichotengenezewa chombo alichoonyeshwa. Alihesabu vitu vichache, na alisema kama vitu viwili vinafanana au vinatofautiana. Alikufa Septemba 2007, akiwa na miaka 31, na habari ya kifo chake iliandikwa katika magazeti makubwa ya dunia.

Mwaka 2020 watafiti wengine, Désirée Brucks na Auguste von Bayern, walitangaza matokeo ya jaribio jingine. Waliwafundisha kasuku kubadilisha pete ndogo za chuma kwa chakula. Halafu wakaweka kasuku wawili jirani: mmoja ana pete lakini hawezi kununua kitu, mwingine ana mlango wa kununulia lakini hana pete. Kasuku wa kijivu mwenye pete alimpitishia mwenzake, hata pale ambapo yeye mwenyewe hakupata faida yoyote wakati huo.

Akili hiyo, pamoja na uwezo wa kuiga sauti ya mtu, ndiyo iliyomfanya atafutwe katika nyumba za Ulaya, Marekani, nchi za Kiarabu na Asia. Ndiyo pia inayomfanya ateseke kizimbani. Kasuku aliyezoea kundi la mamia, akifungwa peke yake, mara nyingi anaanza kujing'oa manyoya mpaka kifua kinabaki uchi. Watu wengi wanadhani ni ugonjwa wa ngozi, kumbe mara nyingi ni upweke.

Namna anavyotolewa porini

Njia zinazotumiwa na wategaji zinajulikana. Ya kwanza ni ulimbo: utomvu wa miti unaopikwa mpaka unanata, halafu unapakwa kwenye matawi au makuti ya mawese. Ya pili ni nyavu, zinazotegwa mahali kasuku wanaposhuka kunywa maji na kula udongo wa chumvi. Katika njia hizo zote mbili mtegaji anatumia chambo: kasuku aliyekamatwa zamani anafungwa juu ya mti, anaita, na wenzake wanakuja kumfuata. Njia ya tatu ni kupanda mpaka kwenye shimo na kutoa makinda, au kuangusha mti mzima.

Baada ya kunaswa, manyoya ya mabawa yanakatwa au yanang'olewa ili ndege asiruke. Wengi wanasongamanishwa ndani ya kikapu au sanduku moja, wakiwa na majeraha, ulimbo mwilini, na hofu. Safari inaanza kwa miguu, kisha kwa baiskeli au moto mpaka kwenye mto au mji, halafu kwa boti au ndege mpaka Kinshasa. Inaweza kuchukua siku nyingi, bila maji ya kutosha na bila chakula wanachokijua.

Makadirio yaliyotumiwa katika mijadala ya kimataifa yanasema asilimia 30 mpaka 66 ya kasuku wanakufa kati ya kunaswa na kusafirishwa nje. Hesabu yake ni rahisi. Kama nusu wanakufa njiani, basi kasuku 5,000 walioandikwa kwenye karatasi za kuuza nje ni kasuku 10,000 waliotolewa porini.

Mkataba, kura na pingamizi la Kinshasa

Biashara hii haikuwa ya siri. Kwa sehemu kubwa ya historia yake ilikuwa halali. Tangu 1981 kasuku wa kijivu aliwekwa kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kiambatisho hicho kinaruhusu kuuza, ila kwa kibali na kwa kiwango kilichopangwa. Kwa miaka mingi kiwango cha Kongo kilikuwa kasuku 10,000 kwa mwaka, baadaye kikashushwa mpaka 5,000. Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa amehesabu kasuku wa porini kabla ya kupanga kiwango, na malalamiko ya kiwango kupitwa na vibali kughushiwa yalirudi mara kwa mara.

Tangu 1975, zaidi ya kasuku wa kijivu milioni 1.3 waliotolewa porini waliingia kwenye biashara ya kimataifa. Hiyo ni hesabu ya walioandikwa tu. Waliokufa kabla ya kufika uwanjani, na waliovushwa mipaka kwa siri, hawamo.

Masoko yalifungwa moja baada ya jingine. Marekani ilipitisha mwaka 1992 sheria iliyozuia kuingiza ndege wa porini. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukaufunga kabisa. Biashara haikufa. Ilihamia kwingine, hasa nchi za Mashariki ya Kati, Asia, na Afrika Kusini, ambako wafugaji walinunua kasuku wa porini kutoka Kongo ili wazalishe na kuuza watoto wao.

Mwisho wa mwaka 2010 karibu kasuku 700 wenye asili ya Kongo walikufa katika safari moja ya ndege kati ya Johannesburg na Durban. Walikuwa tayari katikati ya mzozo juu ya uhalali wa vibali vyao. Tukio hilo lilionyesha dunia namna shehena hizo zinavyosafirishwa.

Oktoba 2016, mkutano wa CITES mjini Johannesburg ulipiga kura ya kumpandisha kasuku wa kijivu mpaka Kiambatisho cha I, kinachokataza biashara ya kimataifa ya wale waliotolewa porini. Nchi 95 zilikubali, 35 zilikataa. Kongo ilikuwa upande wa waliokataa. Hatua hiyo ilianza kutumika Januari 2017, lakini Kinshasa iliweka pingamizi rasmi, jambo ambalo mkataba unaruhusu. Maana yake ni kwamba Kongo ilijitenga na sheria hiyo mpya kuhusu ndege huyu mmoja. Mwaka huohuo wa 2016, shirika la IUCN lilimwandika kasuku wa kijivu kuwa kiumbe aliye hatarini kutoweka.

Ndiyo maana agizo la Julai 2025 lina uzito. Mtu aliyekutwa na kizimba hawezi tena kusema kwamba nchi yake haikubaliani na mkataba wa wageni. Katazo sasa limetoka Kinshasa kwenyewe.

Ghana ilifika mwisho wa njia hii

Anayedhani kwamba kasuku hawawezi kwisha, kwa sababu bado anawasikia asubuhi, anaweza kutazama Ghana. Miaka ya mwanzo ya 1990, kulikuwa na mahali pa kulala ambapo kasuku walihesabiwa kwa mamia, pengine mpaka zaidi ya 1,000. Watafiti walirudi miaka 20 baadaye. Mahali palepale waliona kasuku 18 tu. Katika ripoti iliyotoka 2016, walikadiria kwamba Ghana ilipoteza asilimia 90 mpaka 99 ya kasuku wake wa kijivu tangu 1992. Sababu zilikuwa mbili: kukamatwa kwa ajili ya biashara, na kukatwa kwa miti mikubwa.

Upande wa mashariki hali si nzuri zaidi. Katika msitu wa Kakamega, magharibi ya Kenya, wamebaki wachache sana. Pori la Kongo lilikingwa na ukubwa wake na ubaya wa barabara. Lakini wanunuzi walipokosa kasuku Ghana na Kamerun, waligeukia huku. Maniema na Tshopo zimekuwa akiba ya mwisho ya biashara hiyo.

Milango ni michache

Tazama ramani. Kutoka vijiji vya mto Lomami na Lualaba, mzigo unaokwenda Kinshasa una njia zinazohesabika. Mto Lualaba unapitika kwa boti kati ya Kindu na Ubundu. Halafu maporomoko ya Boyoma yanakata njia ya maji mpaka Kisangani. Kutoka Kisangani mto unapitika tena mpaka Kinshasa, lakini safari ni ndefu, na kasuku wengi hawawezi kuivumilia. Kwa hiyo mfanyabiashara mwenye haraka anatafuta ndege, na viwanja vyenye safari za kawaida ni vichache.

Kasuku pia si almasi. Hawezi kufichwa ndani ya soksi. Mia moja wao wanapiga kelele, wananuka, wanahitaji maji. Ili kizimba kipande ndege, lazima wapakiaji wakione, daktari wa mifugo atie muhuri au afumbe macho, na mtu wa forodha aruhusu. Kila sanduku lililofika Kinshasa lilipita mbele ya macho ya watumishi wa serikali.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na matumaini, na pia ya kuwa na mashaka. Matumaini, kwa sababu marufuku haihitaji jeshi porini. Inahitaji watu wachache waaminifu mahali panapojulikana. Mashaka, kwa sababu watumishi hao mara nyingi wanakaa miezi bila mshahara wa kutosha, na mwenye mzigo anajua hilo. Sheria ya uhifadhi wa asili ya Februari 2014 tayari inatoa adhabu kwa anayevunja katazo la namna hii. Kinachohitajika ni faili kufika mahakamani na hukumu kutolewa hadharani, ili mfanyabiashara wa pili aone.

Kuna pia maeneo ambayo agizo la wizara halifiki. Tangu waasi wa AFC/M23 waliposhika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, viongozi waliowekwa na Kinshasa hawasimamii tena forodha na mipaka ya sehemu hizo za Kivu. Njia za kwenda Uganda, Rwanda na Burundi ziko karibu. Mlango mmoja ukifungwa Kisangani, mwingine unaweza kufunguliwa mashariki.

Kasuku walionyang'anywa wanapelekwa wapi?

Kila mara vizimba vinapokamatwa, swali la pili linakuja haraka: ndege hawa tuwafanyie nini? Kuwafungulia palepale uwanjani si kuwaokoa. Kasuku aliyekatwa mabawa hawezi kuruka, na atakufa chini ya mti wa kwanza au atakamatwa tena.

Kazi ya kuwatunza inafanywa na vituo vichache. Katika Kivu ya Kusini, kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa 2002 na taasisi ya uhifadhi ICCN pamoja na kituo cha utafiti wa sayansi CRSN, kinajulikana zaidi kwa sokwe na nyani, lakini kinapokea pia kasuku. Upande wa Maniema na Tshopo, shirika la Lukuru limekuwa likiwapokea kasuku walionyang'anywa, likisaidiwa na World Parrot Trust. Ni watu wa Lukuru, pamoja na watafiti John na Terese Hart, walioanza mwaka 2007 kuchunguza pori lililo kati ya mito Tshuapa, Lomami na Lualaba. Kazi hiyo ilizaa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa 2016, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000.

Matunzo yenyewe ni ya subira. Kwanza ulimbo unaoshwa na majeraha yanatibiwa. Ndege wanatengwa na wengine kwa muda, kwa sababu msongamano unaeneza magonjwa, na kuna virusi vya manyoya na mdomo ambavyo mgonjwa mmoja anaweza kupeleka kwa kundi zima la porini. Halafu wanangojewa waote manyoya mapya. Manyoya yaliyokatwa hayarefuki kama nywele. Lazima kipande cha zamani kianguke kwanza, na hilo linaweza kuchukua miezi mingi. Mafundi wengine wanajua kuunganisha manyoya yaliyookotwa kwenye shina la lililokatwa, ili ndege aweze kuruka mapema zaidi. Baada ya hapo wanawekwa kwenye kizimba kikubwa, wakijifunza tena kuruka na kula matunda ya porini, mpaka siku mlango unapofunguliwa. Wakitoka, chakula kinaendelea kuwekwa karibu kwa muda, kwa wale watakaorudi.

Kazi hiyo yote ni ya kumtengeneza kiumbe mmoja aliyeharibiwa kwa dakika chache za mkasi. Inahitaji chakula cha kila siku, dawa na mishahara. Kumzuia asinaswe ni rahisi zaidi kuliko kumrudisha.

Kijana anayepanda mti

Katika mnyororo huu, anayepanda mti wa mita 30 ndiye anayepata makuta kidogo kuliko wote, na ndiye wa kwanza kukamatwa. Juu yake kuna mnunuzi wa mjini, mwenye leseni wa Kinshasa, msafirishaji, na muuzaji wa ng'ambo, na kila hatua bei inapanda mara kadhaa. Adhabu ikiishia kwa kijana wa kijiji, biashara itampata mwingine kesho yake, kwa sababu vijijini kazi ni chache na ada ya shule ya watoto haingoji.

Wanaofanya kazi ya uhifadhi katika nchi nyingine wamejaribu kuwatumia wategaji wa zamani kama walinzi wa viota na wahesabu wa ndege. Wazo hilo lina maana. Hakuna anayejua mahali kasuku wanapolala, miti yenye mashimo na miezi ya makinda kuliko mtu aliyewatega. Kwa Maniema na Tshopo, njia hiyo ingehitaji malipo ya kudumu, si mradi wa miezi sita unaoondoka na magari yake. Machifu wa vijiji nao wana nafasi yao: ardhi ya mahali pa kulala kasuku iko mikononi mwao, na mtegaji mgeni hawezi kukaa wiki tatu porini bila chifu kujua.

Raia wa mjini pia ana sehemu yake. Kasuku wengi hawavuki hata mpaka. Wanaishia kwenye nyumba, hoteli na maofisi ya hapa nchini, wakipewa kama zawadi ya heshima. Anayemnunua kwa huruma, ili amtoe mikononi mwa mchuuzi, anampa mchuuzi makuta ya kurudi kutafuta wengine. Kuna pia hatari ya afya: kasuku anaweza kuwa na bakteria wanaoleta ugonjwa wa mapafu kwa binadamu, na mtu anaupata kwa kuvuta vumbi la mavi makavu ya kizimba. Nyumba yenye watoto wadogo si mahali pa ndege aliyetoka porini jana.

Anayeona kasuku wakiuzwa au wakipakiwa anaweza kutoa taarifa kwenye ofisi ya ICCN, ya mazingira ya jimbo, au kwa mwendesha mashtaka. Asijaribu kuwafungulia mwenyewe, na asiwanunue. Taarifa yenye manufaa ni ile inayotaja mahali, siku, chombo cha usafiri na idadi ya vizimba, ikitolewa kabla ndege haijaruka.

Mkazi wa Kindu au Kisangani anaweza kuipima marufuku hii mwenyewe, bila kungoja ripoti ya wizara. Vizimba vikiendelea kuonekana bandarini na kwenye mizigo ya uwanja wa ndege, agizo limebaki karatasi. Vikiacha kuonekana, itabidi pia iangaliwe kama havijahamia mpaka mwingine. Na hata biashara ikikoma leo, kinda litakaloanguliwa mwaka huu halitakuwa na mtoto wake kabla ya miaka 3 mpaka 5, kwa hiyo makundi yatahitaji miaka mingi ya usalama kabla hayajawa tena kama yale ambayo wazee wa vijijini waliyazoea.